Kaye ya hesabu haitoshi: mfanyabiashara achore makuta yake ili ayaone

Katika maduka ya Birere mjini Goma, kwenye meza za soko la Kadutu mjini Bukavu, na katika depo za Butembo na Beni, kuna chombo kimoja ambacho karibu kila mfanyabiashara anacho: kaye. Ndani yake mnaandikwa kilichonunuliwa, kilichouzwa, aliyechukua deni na aliyelipa. Kaye ikijaa, inafungwa na kuwekwa chini ya meza, kisha nyingine inaanzishwa. Hesabu zimeandikwa, lakini hakuna anayezirudia, isipokuwa siku ya ugomvi wa deni.

Hapo ndipo mitaji mingi inapopotelea. Mwenye duka anajua alichouza jana, na pengine alichouza juma lililopita. Lakini ukimuuliza kama biashara yake ya mwaka huu ni kubwa au ndogo kuliko ile ya mwaka jana, anaangalia juu, anafikiri, kisha anajibu: «Inaendelea.» Jibu sahihi limo katika kaye yake mwenyewe, limetawanyika katika kurasa mia mbili, na hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kushika kurasa mia mbili kwa mara moja. Jicho ndilo linaloweza, mradi hesabu hizo zigeuzwe kuwa mchoro.

Kuchora hesabu si jambo la kompyuta wala la wenye diplome. Karatasi ya vimraba, biki mbili za rangi tofauti na nusu saa kila juma vinatosha. Na kwa mashariki mwa Congo, jambo hili limekuwa la lazima. Tangu mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma na kisha Bukavu, banki zilifunga milango. Mfanyabiashara aliyekuwa anategemea karatasi za banki ili ajue makuta yalivyoingia na kutoka, amebaki na kaye kuwa shahidi wake wa pekee. Shahidi huyo anapaswa kusemeshwa.

Mistari miwili ya dola

Mfano wa kwanza ni ule unaowauma wengi bila wao kujua. Mwishoni mwa mwaka 2022, dola moja ya Marekani ilikuwa karibu franka 2,000 za Congo. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imefika karibu franka 2,700. Sasa afikiriwe mama mmoja anayeuza vikwembe, aliyefunga mwaka 2022 na mtaji wa franka milioni moja. Anafanya kazi mwaka mzima, na anafunga 2023 akiwa na franka milioni moja na laki mbili. Kaye inasema ameongeza laki mbili. Anafurahi, anaongeza matumizi ya nyumbani, pengine anamkopesha ndugu.

Lakini vikwembe vinanunuliwa kwa dola. Milioni yake ya 2022 ilikuwa sawa na dola 500. Milioni moja na laki mbili za 2023 ni dola 444 tu. Mama huyu hakupata faida. Amepoteza dola 56, na mwaka mzima wa jasho juu yake. Akirudi kununua, atapata bale ndogo kuliko ya mwaka uliopita, na atasema wateja wamemwangusha.

Angekuwa amechora mistari miwili kwenye karatasi moja, mmoja wa mtaji kwa franka na mwingine wa mtaji huohuo kwa dola, angeona mapema kwamba mmoja unapanda na mwingine unashuka. Asingengoja mwisho wa mwaka. Angeamua kupandisha bei, au kubadilisha franka kuwa dola kila siku ya posho badala ya kila mwisho wa mwezi, au kupunguza madeni yanayolipwa kwa franka baada ya miezi mitatu.

Mchoro huohuo unamlinda pia na kosa la upande wa pili. Katika mwaka 2025, kiwango rasmi cha Banki Kuu ya Congo kilishuka kutoka zaidi ya franka 2,800 kwa dola hadi chini ya 2,500. Aliyekuwa ameapa kwamba dola haishuki kamwe, na anayelipa wafanyakazi na kodi ya nyumba kwa franka, alijikuta amebanwa. Mstari haumwambii mtu kesho itakuwaje. Unamwonyesha kwamba mambo yanageuka, na yameanza kugeuka lini.

Jambo la zamani

Wanaodhani kwamba michoro ya namna hii ni fasheni ya leo wanakosea. Mwaka 1786, William Playfair, mtu wa Scotland aliyewahi kuwa mchoraji wa mashine wa James Watt, alitoa London kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza. Alichora bidhaa zinazoingia kwa mstari mmoja na zinazotoka kwa mstari mwingine. Nafasi kati ya mistari hiyo ilionyesha palepale kama nchi inapata au inapoteza. Wakubwa ambao wasingesoma kurasa za namba waliweza kuelewa kwa kutazama mara moja.

Kitu kilichofanywa kwa ajili ya biashara ya nchi nzima kinafaa vilevile kwa meza ya sambaza. Chini ya karatasi yanaandikwa majuma. Pembeni yanaandikwa makuta. Kila mwisho wa juma inawekwa nukta ya buluu kwa yaliyoingia na nukta nyekundu kwa yote yaliyotoka, pamoja na yale yaliyotolewa kwa chakula cha nyumbani, minervali ya watoto, matanga na harusi. Baada ya majuma kumi na mawili, nukta zinaunganishwa. Ikiwa wekundu unapita juu ya buluu, hakuna haja ya mtaalamu wa kueleza. Na mara nyingi mstari huo utatoboa siri moja: meza inauza vizuri, ila nyumba ndiyo inayokula mtaji.

Wastani unaficha

Wafanyabiashara wanaojitahidi kufanya hesabu huishia kwenye wastani. «Ninauza mifuko kumi kwa siku,» anasema mwenye depo ya unga. Ni kweli, lakini ukweli huo hautoshi.

Ziwepo depo mbili, kila moja imeuza mifuko 60 kwa siku sita. Ya kwanza imeuza 10, 10, 9, 11, 10 na 10. Ya pili imeuza 4, 3, 4, 5, 4, halafu siku ya posho, siku ya soko, imeuza 40. Wastani wa zote mbili ni mifuko kumi kwa siku. Kwenye kaye zinafanana kama mapacha. Zikichorwa kwa nguzo, ya kwanza ni ukuta ulionyooka, ya pili ni nyumba fupi tano na mnara mmoja. Mwenye depo ya pili hahitaji vijana wawili wa kubeba mizigo kila siku. Anawahitaji siku moja. Na akikosa unga siku ya tano jioni, amekosa juma zima. Uamuzi huo hautoki kwenye wastani. Unatoka kwenye mnara.

Mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe alionyesha jambo hili mwaka 1973. Alitengeneza mafungu manne ya namba, kila moja likiwa na nukta kumi na moja, na wastani wao pamoja na hesabu nyingine za kawaida zilikuwa karibu sawa kabisa. Yalipochorwa, yakatoa picha nne zisizofanana hata kidogo. Tangu hapo, mafungu hayo hutumiwa kufundisha kwamba anayehesabu bila kuchora anaweza kudanganywa na hesabu sahihi.

Milima ya maharagi na kilele cha kakao

Kwenye milima ya Kivu, mashamba yana misimu miwili mikubwa: ule unaopandwa kuanzia mwezi wa tisa na kuvunwa kuelekea mwezi wa kwanza, na ule unaopandwa kuanzia mwezi wa pili na kuvunwa karibu na mwezi wa sita. Kila anayeuza maharagi anajua kwamba bei hushuka wakati wa mavuno na hupanda kabla yake. Lakini kujua hivyo kwa jumla hakumwambii anunue lini, stoki ikae muda gani, wala kama bei itafidia kodi ya depo na maharagi yatakayoliwa na wadudu. Anayechora bei ya kilo kila juma kwa miaka miwili ataona milima yake na mabonde yake mwenyewe, ya soko lake mwenyewe. Akiandika na matukio juu ya mstari, kama vile barabara kufungwa, mashule kufunguliwa, mvua kukata daraja, ataacha kuchanganya bei iliyopandishwa na msimu na bei iliyopandishwa na vita. Ya kwanza inaweza kutarajiwa na kupangiwa. Ya pili haifai kujengewa stoki kwa mkopo.

Mfano wa kakao ni mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa 2023, tani moja ya kakao ilikuwa karibu dola 2,600 kwenye soko la New York. Mavuno mabaya ya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, yaliirusha juu: mwezi wa nne 2024 ilipita dola 11,000, na mwezi wa kumi na mbili ikapita 12,000. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya hapo. Upepo huo ulifika katika mashamba ya Beni na Mambasa, ambako kakao inalipia watoto masomo na kujengea watu nyumba.

Anayetazama bei ya juma hili na ya juma lililopita aliona jambo moja tu wakati wa kupanda: bei inapanda. Angeiweka kwenye karatasi pamoja na bei ya miaka kumi iliyotangulia, angeona uwanda mrefu na ghafla ukuta unaosimama. Karatasi hiyo isingemwambia ukuta utaanguka siku gani. Ingempa sababu ya kuuza haraka alichonacho, na kukataa kukopa ili anunue kakao ya mtu mwingine kwa bei ya kileleni. Tofauti kati ya maamuzi hayo mawili ni nyumba iliyojengwa au shamba lililowekwa rehani.

Na siku nzuri ziandikwe

Kuna kosa lingine ambalo kaye nyingi zinabeba: zinaandika mabaya peke yake. Kuna kaye ya madeni, kuna orodha ya mizigo iliyoharibika njiani, lakini mizigo iliyofika salama haiandikwi, kwa sababu haikuleta shida.

Ubaya wa kosa hilo ulionekana mbali sana na soko, tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger cha Marekani kilipovunjika sekunde 73 baada ya kuruka na watu saba wakafa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mainjinia walikuwa wameonya kwamba baridi inaweza kuharibu mipira inayoziba maungio ya roketi. Namba walikuwa nazo. Lakini mazungumzo yalibaki kwenye safari zilizokuwa zimepata uharibifu tu, na kwa kuziangalia hizo peke yake, kazi ya baridi haikuonekana wazi. Tume ya uchunguzi ilipoweka safari zote pamoja kwa kufuata joto la maungio, jambo likawa wazi: safari nne zilizorushwa kwenye baridi zaidi zilikuwa zote na alama za uharibifu, kati ya ishirini zilizorushwa kwenye joto zaidi, ni tatu tu.

Kwa anayesafirisha nyanya kutoka Rutshuru au samaki kutoka Uvira, funzo ni hilohilo. Aandike kila safari, iliyoharibika na iliyofika: dereva, siku, saa ya kuondoka, masaa ya njiani. Akichora, ataona kama mzigo unaoza kwa sababu ya barabara, ya saa ya kuondoka, au ya gari moja linalopendelewa kwa sababu ni la shemeji.

Mchoro nao unaweza kudanganya

Mwenye kusifu michoro aseme na ubaya wake. Mauzo yaliyotoka 100 hadi 104 yanaweza kuchorwa yaonekane kama mlima. Inatosha kuanza kipimo kwenye 99 badala ya sifuri. Wanaouza utajiri wa haraka kwa simu wanalijua jambo hilo, na mstari unaopanda ndio picha wanayoipenda kuliko zote. Congo iliwahi kuliona: Bindo, iliyoahidi kuzidisha makuta ya watu mjini Kinshasa, ilianguka mwaka 1991 na kuacha vilio. Anayejua kuchora mwenyewe ndiye wa kwanza kuuliza: kipimo kinaanzia wapi? Ni franka au dola? Miezi ambayo haikuonyeshwa ilikuwaje?

Sababu za kukataa

Wapo watakaosema kwamba mchoro ni hatari, maana watu wa taksi wakiona hesabu zilizopangwa vizuri watazitumia kumkamua mwenye duka. Woga huo una mizizi; taksi ni nyingi, na si zote zinaingia katika mfuko wa serkali. Lakini mchoro unaweza kukaa nyumbani, bila jina na bila anwani. Na unaweza kugeuka kuwa ngao. Chama cha wauzaji kinachokwenda mbele ya wakubwa na malalamiko ya mdomo hujibiwa kwa mdomo. Kikienda na nguzo nne, ya bei ya kununulia, ya usafiri, ya vizuizi vya barabarani na ya depo, na nguzo ya vizuizi ikawa inashindana na ya usafiri, mazungumzo yanakuwa mengine.

Wengine watasema kwamba katika vita hakuna mstari unaodumu. Kweli, lakini palipo na mashaka ndipo mtu anapohitaji kujua amebakiwa na nini. Mwenye kujua kwamba mtaji wake umeshuka kwa majuma sita mfululizo anaweza kusimama ukiwa bado upo. Asiyejua husimama ukiisha.

Na kwa wamama ambao hawakubahatika kusoma, jibu liko tayari katika mitaa yao. Ndani ya AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo, karneti ya mwanamemba hupigwa muhuri mmoja kwa kila sehemu aliyonunua. Asiyejua kusoma anaona mihuri yake imejaa au imepungua, na hakuna wa kumdanganya. Huo tayari ni mchoro wa hesabu. Vifuniko vya chupa vilivyopangwa mezani, kifuniko kimoja kwa kila bidoni ya mafuta iliyouzwa, vinafanya kazi hiyohiyo.

Kinachokosekana ni watu wa kuanzisha desturi. Mashule ya sekondari yana seksio ya Commerciale, yenye vijana wanaosoma hesabu za biashara na ambao hutafuta mahali pa staji kila mwaka. Kila kijana angeweza kupewa meza tatu za soko: aketi na wenye meza, afungue kaye za miezi sita, achore mistari, awaachie karatasi na kuwaonyesha namna ya kuiendeleza. Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, lingeweza kubandika ukutani, katika kila mji, mstari wa bei ya dola na wa bei ya bidhaa kumi za lazima, kila juma, ili asiye na simu ya intaneti naye aone. Na AVEC zingeweza kuomba mchoro wa miezi mitatu kabla ya kutoa mkopo mkubwa, kwa faida ya anayekopesha na ya anayekopa.

Gharama ya yote hayo ni ndogo kuliko bei ya bale moja ya vikwembe. Mama wa dola 56 ataendelea kulaumu wateja wake mwaka hata mwaka, hadi siku atakapowekewa mbele ya macho mistari miwili, mmoja unapanda na mwingine unashuka. Biki anayo, na kaye anayo.